Balozi wa Nani?

Mwanangu, kuna siku moja nikiikumbuka vidole vyangu vinaanza kunuka rangi. Ni siku niliyomwandikia Magesa kibao cha cheo chake. Nakuandikia wewe ambaye bado unanyonya, kwa sababu watu wa hapa wanasahau upesi, na mimi sitaki uje usahaulishwe. Watasema mimi si mzee wa kutoa nasaha. Nimezaa mara moja, mvi sina hata moja, magoti hayajaanza kuniuma. Waseme. Hasira nayo huzeesha mtu. Mwenye kovu usidhani kapoa, na kovu langu mimi nilijichanja mwenyewe, kwa brashi.

Wakati ule nilikuwa nimetoka tu kumaliza kidato cha nne Musoma. Nimerudi nyumbani, upande wa chini wa barabara ya Kiabakari, Kiswahili kimenijaa mdomoni kama uji wa moto. Nilikuwaga nikisikia mtu anasema "hii mtoto" namsahihisha hapo hapo, hata awe mtu mzima, hata awe na mzigo kichwani. Usinicheke. Elimu ikiwa mpya ni kama kiatu kipya, mtu anataka kila mmoja asikie kinavyolia.

Chama kilikuwa kimesema kila nyumba kumi zichague mtu wao mmoja, aitwe balozi, awe anapeleka maneno yao juu na kuleta ya juu kwao. Nyumba zetu zikamchagua Magesa. Na usidhani tulichagua mtu mbaya ili nipate cha kukusimulia. Magesa alikuwa mkulima wa pamba mwenye sauti nzuri, na ng'ombe wa mtu wakiingia kwenye muhogo wa mtu alikuwa anaamua kwa utani mpaka wote wawili wanacheka na kusahau nani alianza kutukana. Siku ya kuchagua tulijipanga nyuma yake, foleni ikafika kwenye mitama. Hata mimi nilijipanga.

Kesho yake akaja na ubao wa sanduku la mgodini, zile mbao watu walizookota mgodi wa dhahabu ulipofungwa, na kopo la rangi nyekundu iliyobaki chini kama uji ulioganda.

"Msomi," akaniambia, "niandikie kibao nitundike mlangoni. Lakini usiniandikie vitu vyepesi. Tafuta maneno yenye nyama."

Ningeandika BALOZI WA NYUMBA KUMI. Maneno manne, basi, kazi imekwisha. Nikayaona mafupi, maneno ya kijijini, mtu wa darasa la nne angeyaandika. Nikainamisha kichwa upande, nikang'ata ulimi, nikaandika kwa mistari miwili, herufi zimesimama kama askari:

BALOZI WA CHAMA
KWA NYUMBA KUMI

Magesa aliusoma ule ubao kwa kidole, herufi kwa herufi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Majirani wakasema huyo ndiye mtoto wa shule. Nikasikia raha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini siku hiyo aliyesifiwa ni mimi, na maji niliyatia mimi.

Mtu mmoja tu hakusifu. Bibi Nyabise.

Hapa inabidi nisimame nikueleze, maana utakua usikie watu wakinong'ona. Bibi Nyabise hakujaliwa mtoto wa kiume. Kwa mila zetu za Mara mwanamke kama huyo hakai akingoja nyumba yake ife. Anatoa ng'ombe wake, anaoa mke, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake. Ndiyo inaitwa nyumba ntobu. Mke aliyemuoa ndiye mama yangu, Mungu amlaze pema. Kwa hiyo Bibi, kimila, ndiye baba yangu, ila mimi namwita Bibi na yeye ananiita jina lolote linalomjia kutegemea nimemuudhi kiasi gani.

Siku ile alikaa mbele ya kibao, hajui kusoma, akasema, "Nisomee."

Nikamsomea.

"Balozi ni nini?"

"Ni mtu anayetumwa na nchi yake, anaenda kukaa kwenye nchi ya watu, anaisemea nchi yake kule."

"Ehe. Sasa huyu nchi yake ni ipi?"

Nikacheka. "Bibi, hayo mambo yanataka shule."

Hakucheka. Alichukua fimbo yake akanigonga kwenye kiwiko, siyo kwa nguvu, kama mtu anayegonga mlango. "Mimi sijasoma, lakini siku ile nilihesabu migongo nyuma yake. Tumemtuma sisi. Wewe umeandika ametumwa kwetu. Nyangeta, zamani kulikuwa na mwanangwa hapa. Unajua mwanangwa?"

"Mtu wa mtemi."

"Mtu wa mtemi! Alikuwaga anatoka kwa mtemi anakuja kwetu. Tukimwona kilimani tunaficha kuku na mabinti. Mtemi amefutwa, mwanangwa amefutwa, tukapiga vigelegele. Leo wewe umechukua rangi umemrudisha. Umemchukua mtoto wa kwetu, umempa nchi nyingine, halafu umemleta hapa mgeni."

"Bibi, ni neno tu. 'Wa' na 'kwa'."

"Mlango nao ni tundu tu," akasema. "Lakini uliza mwizi amepita wapi."

Nilimwona mzee anayebishana na dunia. Mdharau mwiba guu huota tende, nami guu langu lilianza kuvimba polepole.

Mvua za miaka kadhaa zikapita. Magesa hakuamka asubuhi moja akiwa mbaya, hakuna mtu anayefanya hivyo. Alianza na kiti. Zamani alikuwa anakaa kwenye gogo na wenzake, akanunua kiti cha kuegemea akakiweka chini ya bendera ya Chama. Halafu wanaume wakawa wanavua kofia wakiingia uani kwake. Halafu akawa hasemi tena "naona" au "nadhani." Akawa anasema "Chama kimesema," hata kama Chama kilichosema ni yeye na tumbo lake. Mama mmoja alimshtaki mumewe kwake kwa kipigo, akaambiwa Chama kimesema wanawake wapunguze mdomo. Niliposikia nilisonya nikaendelea kupalilia. Wewe ulikuwa tumboni wakati huo. Baba yako nitakusimulia siku nyingine, leo simpi nafasi.

Ikaja operesheni ya kuhamia kijijini. Nyumba zote za chini zipande juu barabarani, zipangwe kwa mistari, kila nyumba ipewe kiwanja na shamba. Mimi sikukataa kuhama. Barabarani kuna zahanati, na wewe ulikuwa na kifua kibaya. Kila balozi akaambiwa aandike orodha ya nyumba zake kumi, na siku ya tatu katibu angekuja kuichukua, uani kwa balozi mwenyewe.

Orodha ya Magesa ikasomwa kwanza kwetu. Nikasikiliza majina kumi. Letu halimo. Wa kumi alikuwa Wambura, mwanawe, kijana mzima ambaye hajaoa, mwenye kibanda cha nyasi nyuma ya nyumba ya mama yake.

Asubuhi yake nikakufunga mgongoni nikaenda. Nilimkuta kwenye kiti chake anachokonoa meno.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, msomi. Naona umekuja na mzigo."

"Nimekuja kwa habari ya orodha. Nyumba ya Bibi Nyabise umeisahau."

"Sijaisahau. Pale hakuna nyumba." Alisema taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto. "Pale kuna bibi kizee, kuna wewe, na kuna huyo wa barabarani mgongoni kwako. Mwanamume hakuna. Nimewaandika chini ya ndugu yenu kule Suguti, mtaenda kukaa kwake."

"Suguti tuna ndugu gani? Yule hata jina langu halijui!"

"Atalijua."

Mwanangu, elewa kilichokuwa kinatoka mkononi mwetu. Shamba ni jambo moja. Lakini Bibi alitoa ng'ombe wake wote ili nyumba yake isife, akamzika mke wake, akanisomesha mimi kwa jasho la pamba, na sasa mtu mwenye kalamu ya kuazima anaiua nyumba hiyo kwa kuiruka. Ukiandikwa chini ya mtu wewe si nyumba tena, wewe ni mgeni wa mtu mpaka kufa.

Nikamwambia, "Mzee, wewe ni balozi wetu. Tulikutuma sisi."

Akatabasamu. Hilo tabasamu ndilo linaloniandikisha leo. Akaelekeza kijiti chake cha meno juu ya mlango.

"Soma."

"Nisome nini?"

"Si wewe mwenye macho ya shule? Soma kwa sauti, majirani wasikie."

Nikasoma. Sauti yangu mwenyewe niliichukia.

"Hapo umeona pameandikwa 'balozi wenu'? Balozi wa nani?"

"Wa Chama."

"Kwa nani?"

"Kwa nyumba kumi."

"Basi. Mimi nyumba nimeletewa. Na aliyeletewa ng'ombe ndiye anayejua yupi wa kukamuliwa na yupi wa kuchinjwa. Nenda kamnyonyeshe mwanao, analia."

Wewe hukuwa unalia. Nilikuwa ninalia mimi.

Nilirudi nyumbani nikitegemea Bibi aniambie si nilikwambia. Nilitaka aniambie, ingenipunguzia. Alikuwa anachambua furu wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, akaniuliza tu, "Kwetu sisi, boma ni la nani?"

"La mwanamume."

"Na nyumba?"

Nimesoma jiografia ya nchi ambazo sitazikanyaga, na hilo nilikuwa nimelisahau. Katika boma la mwanamume kila mke ana nyumba yake, na watu husema ng'ombe huyu ni wa nyumba ya fulani, wakimtaja mama.

"Nyumba ni ya mwanamke," nikasema.

"Haya. Chama kimeomba kuhesabu nini, maboma au nyumba?"

"Nyumba."

"Na nyumba inahesabiwa kwa nini? Kwa suruali iliyotundikwa ukutani?" Akainuka, akaingia jikoni, akachuchumaa, akalishika figa moja katika yale matatu akalitikisa mpaka likang'oka. Nikapiga kelele. Kwetu figa haling'olewi ovyo. Figa likitoka jikoni ni msiba, au ni mke anarudishwa kwao.

"Kelele za nini?" akasema. "Si tayari wameniua kwenye karatasi? Nenda kwa hao wengine. Waambie kila mmoja alete lake moja."

Nikaenda mlango kwa mlango, siku nzima. Sitakudanganya kwamba walinipokea kwa nyimbo. Mama Mugaya alisema mimi ndiye niliyeandika kibao, nikalambe rangi yangu mwenyewe. Nikamwambia kweli, nitalamba, lakini leo ni nyumba yangu, kesho Magesa ana mpwa wake naye anataka kiwanja. Akanitazama sana. Akaniuliza figa la kulia au la kushoto. Mwingine alisema mume wake atampiga. Bibi akamtumia neno kwamba mume huyo atapikia wapi siku akishampiga mwenye jiko. Wa mwisho alikuwa Mama Wambura, mke wa Magesa mwenyewe. Alisema, "Nina maharage motoni," akarudi ndani.

Siku ya katibu ikafika. Alikuwa kijana wa suti ya Kaunda, viatu vimejaa vumbi, faili kwapani, anaonekana amesikia hotuba nyingi wiki hiyo na hakula vizuri. Magesa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linang'aa. Akafungua orodha, akakohoa, na kabla hajataja jina la kwanza wakaanza kuingia. Mbele Bibi na fimbo yake, nyuma mimi na figa letu kichwani, nyuma wengine na yao, masizi yanawadondokea mabegani. Tukayaweka chini, miguuni pa katibu.

"Akina mama," katibu akasema, "leo ni siku ya ujenzi?"

"Leo ni siku ya hesabu, mwanangu," Bibi akasema. "Umekuja kuhesabu nyumba. Tumekurahisishia. Hesabu."

Akahesabu kwa ncha ya kalamu. "Tisa."

Magesa akacheka kwa nguvu. "Si nilisema! Tisa, na wa kumi ni Wambura mwanangu. Figa lake liko nyumbani kwake kwa sababu ana adabu."

Hapo mlango wa jiko lake mwenyewe ukafunguka. Mama Wambura akatoka na figa amelishika kwa kitambaa kikuukuu, bado lina moto. Akapita mbele ya kiti cha mumewe, akalitua pamoja na yetu.

"Kumi," akasema katibu.

"Hilo ndilo la Wambura," akasema Magesa upesi.

"La Wambura?" Mama Wambura akageuka. "Wambura ana figa? Wambura anakula kwangu. Jana amelamba chungu mpaka nikadhani ameshaosha. Hili ni langu, Baba Wambura, na maharage yako huko ndani yameinama upande. Nenda kayashike."

Watu walicheka hata wale wanaume waliokuwa wamekunja sura. Wambura mwenyewe aliangalia viatu vyake. Figa moja haliinjiki chungu, mwanangu, lakini siku ile nilijifunza kwamba figa moja likitoka huangusha chungu cha mkubwa.

Katibu hakucheka sana. Akauliza, "Hii nyumba ya Bibi, haina mwanamume?"

Nikasogea mbele. "Ndugu Katibu, niulize kwanza mimi. Balozi ni nani?"

"Ni mtu mliyemtuma ninyi, awasemee kwa Chama."

"Siyo Chama kilichomtuma kwetu?"

"Chama kingemtuma mtu kingeleta mgeni. Huyu ni wenu, mmemchagua." Halafu naye akainua macho akaona kibao. Akakisoma. "Hicho kaandika nani?"

Mwanangu, kulikuwa na nafasi ya kunyamaza. Watu wote pale walijua na hakuna aliyetaka kunitaja.

"Mimi," nikasema. "Nilitaka kuonekana nimesoma. Nimekosa, na nakuja kusahihisha."

Nikachuchumaa, nikapaka viganja vyote viwili masizi ya figa la Bibi, nikapanda kwenye kile kiti cha kuegemea, ndiyo, kwa miguu yangu yenye udongo, nikafuta. Sikufuta yote. Nilipaka masizi juu ya neno moja mwisho wa mstari wa juu na neno moja mwanzo wa mstari wa chini, CHAMA na KWA, mpaka nyekundu yote ikamezwa. Nikashuka.

"Bibi hajui kusoma," nikasema. "Mzee Magesa, msomee."

Akasita. Katibu akasema, "Soma, ndugu."

"Balozi wa," akasoma Magesa. "Nyumba kumi."

"Sikusikia," Bibi akasema. Alisikia vizuri sana.

"Balozi wa nyumba kumi!"

Katibu akachukua orodha, akakata jina la Wambura, akauliza liandikwe jina la nani. Nikasema Nyabise. Akaandika Nyabise, bila jina la mwanamume mbele wala nyuma. Karatasi ilikuwa gotini kwake, kalamu inakwama, lakini aliandika.

Tulidhani yamekwisha. Wanawake wakaanza kuinua mafiga yao wakawahi kupika. Mimi nikainamia letu, Bibi akanizuia kwa fimbo.

"Acha. Balozi!" akaita.

Magesa akageuka.

"Wewe ni balozi wa nyumba kumi, siyo?"

"Ndiyo, mama."

"Nami ni nyumba. Nakutuma. Nibebee figa langu unirudishie jikoni. Nina njaa."

Ukasikia bendera ikijigonga kwenye mti wake. Magesa alimtazama katibu, katibu akaangalia faili lake. Akamtazama mkewe, mkewe akaingia jikoni. Basi akainama. Akalikumbatia lile jiwe, likamwachia duara jeusi kwenye shati jeupe, hapo hapo kifuani, na akatangulia njiani huku Bibi anamfuata taratibu, hana haraka hata kidogo, anamwonyesha kwa fimbo pa kukanyaga.

Kiwanja tulipewa cha mwisho, chenye mawe, karibu na korongo. Sisemi Magesa hakuwa na mkono katika hilo. Lakini ni chetu, tumepanda mtama umeota, na zahanati ipo karibu, kifua chako kimepona. Balozi bado ni yeye. Wengine walitaka tumtoe, Bibi akasema hapana, mtu aliyekwisha kubeba figa anajua uzito wake, mpya itabidi tuanze kumfundisha. Kile kiti siku hizi kiko ndani. Kibao kiko mlangoni na masizi yake. Mvua ikiyasafisha, naenda nayapaka tena, na Magesa ananiletea kiti nikanyage.

Sasa sikia nasaha yangu, nami sitaipamba. Cheo ni neno, na neno lina mlango wa kuingilia. Ukiona mtu ana cheo, muulize ametumwa na nani, na usikubali jibu la kichwa tu, angalia miguu yake ilitoka wapi. Watakuambia mjumbe hauawi. Kweli, hauawi, lakini hurudishwa kwa waliomtuma. Ukishika kalamu usiandike neno kwa sababu linakupendeza wewe. Andika ukijua kuna siku mtu atakuambia ulisome kwa sauti mbele ya majirani. Ukikosa, usingoje utajwe. Na mwenye kukuambia kwamba kwenu si nyumba kwa sababu hakuna suruali ukutani, usibishane naye. Ng'oa figa, mpelekee, ahesabu.

Nakubariki, mwanangu, kwa mikono hii ambayo masizi hayajaitoka kwenye kucha. Jiko lako lisizimwe na mtu. Jina lako liandikwe bila jina la kulishikilia. Ukimtuma mtu aende, na ukitumwa wewe, urudi kwa waliokutuma ukiwa na majibu yao na siyo na kiti. Na Bibi, ambaye ananiuliza hapa naandika nini muda wote huu wakati ugali unaungua, anasema niongeze moja: uwe na mgongo wa kuhesabiwa.